Mashirika ya ndege yatangaze viti vya pointi kabla ya msimu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nieleze jambo ambalo wafanyabiashara wengi wa Kariakoo tumekuwa tukilinung'unikia madukani na kwenye foleni za uwanja wa ndege bila kulifikisha panapostahili. Jambo lenyewe ni pointi za safari, zile ambazo mashirika ya ndege humwekea abiria kila anaposafiri, kwa ahadi kwamba zikifika kiasi fulani atapewa tiketi. Kuzikusanya si kazi. Kazi ni kuzitumia wakati ambao watu wanahitaji kusafiri kweli, yaani Ramadhani, Idi, Krismasi, likizo za shule, na misimu ya maonyesho ya bidhaa kule Guangzhou, China. Nyakati hizo pointi hugeuka tarakimu za kutazama tu kwenye simu, na hakuna anayelazimika kumweleza abiria sababu.

Mimi ni mwanamke mfanyabiashara wa mapazia na vitambaa vya makochi. Mwaka 2021, China ilipokuwa bado imefunga mipaka yake, nilikuwa nafuata mzigo Istanbul na Dubai. Ilipofungua Januari 2023 nikarudi Guangzhou nilikozoea. Tiketi nalipa mwenyewe kutokana na mauzo ya duka. Kwa miaka hiyo yote nilishikamana na shirika moja la ndege la nje, ambalo sitalitaja kwa kuwa nia yangu si kumchafua mtu, hata pale ambapo wakala wangu wa tiketi alinionyesha shirika jingine lenye nafuu ya dola 60 au 80. Nilikubali kulipa zaidi kwa sababu nilikuwa nadunduliza pointi kwa lengo moja tu, nalo ni kumpeleka mama yangu Umra katika kumi la mwisho la Ramadhani, tukiwa wawili. Mama ana miaka 74, magoti yanamsumbua, na tangu baba afariki hiyo ndiyo safari pekee aliyowahi kuniomba.

Aprili 2024 akaunti yangu ilionyesha pointi 112,600. Tovuti ya shirika ilisema kwamba tiketi ya kwenda na kurudi Jeddah, wanakoshukia wanaokwenda Umra, daraja la kawaida, hupatikana "kuanzia" pointi 35,000. Nikapiga hesabu: watu wawili ni 70,000, na akiba inabaki. Neno "kuanzia" sikulitilia maanani wakati ule. Leo ninalisoma kwa jicho jingine kabisa, kwa sababu ndilo mlango ambao shirika hutokea pindi abiria anapodai alichoahidiwa.

Mashirika mengi hufungua kalenda ya tiketi takriban miezi 11 kabla ya siku ya safari. Nikitambua hilo, nilianza kutafuta mapema kuliko mtu yeyote ninayemfahamu, maana Ramadhani ya 2025 ilikuwa inatarajiwa kuanza mwanzoni mwa Machi. Nilikaa macho usiku kusubiri tarehe zifunguke. Zilipofunguka, siku zote za kumi la mwisho zilikuwa na rangi ya kijivu, maana yake hakuna kiti cha pointi, ilhali nilipobadilisha utafutaji nikachagua kulipa fedha taslimu, ndege zile zile za tarehe zile zile zilikuwa na viti tele. Naomba msomaji atue hapo kidogo, kwa kuwa ndipo kiini cha barua hii kilipo: sikuambiwa kwamba ndege imejaa. Ndege ilikuwa tupu kabisa, miezi 11 kabla ya kuruka, na bado fedha yangu ya pointi haikuwa na kiti ndani yake.

Nilipiga simu kituo cha huduma kwa wateja. Kijana aliyepokea alinijibu kwa adabu: "Mama, mfumo hauonyeshi kiti cha pointi kwa tarehe hizo, jaribu tena baadaye." Nikamuuliza baadaye ni lini. Akasema hata wao hawajui, mfumo ndio unaoamua. Simlaumu kijana yule, kwani alisema kile anachokiona kwenye kompyuta yake. Kati ya Mei na Novemba nilipiga simu mara kumi na moja, na mara mbili nilifunga duka asubuhi nikaenda ofisini kwao katikati ya jiji nikiwa na pasipoti ya mama mkononi, na kila mara jibu lilikuwa lile lile. Novemba viti vikaonekana hatimaye, lakini kwa pointi 98,000 kwa mtu mmoja. Tiketi mbili zikawa 196,000, karibu mara tatu ya hesabu niliyoijenga juu ya maneno ya shirika lenyewe.

Tarehe 31 Desemba 2024, pointi 31,200 kati ya zile nilizokusanya mwaka 2021 zilikufa, kwa kuwa masharti ya shirika hilo yanazipa pointi uhai wa miaka 3. Zilikufa mikononi mwa mtu ambaye kwa miezi saba alikuwa anabisha hodi akitaka kuzitumia. Wiki ya pili ya Januari nikapokea barua pepe kutoka shirika hilo hilo ikinihimiza ninunue pointi, kwa dola 25 kila pointi 1,000, na kwamba nikinunua mapema ningepewa nyongeza ya asilimia 40, nijiandae kwa safari za Ramadhani. Nilisoma barua ile mara mbili. Kwa bei yao wenyewe, pointi zilizofutwa wiki chache kabla zilikuwa na thamani ya dola 780, na sasa nilikuwa natakiwa kununua nyingine kwa ajili ya msimu ule ule ambao walikuwa wamenifungia mlango.

Februari nililipa dola 940 taslimu, tiketi ya mtu mmoja, kupitia kikundi cha Umra cha akina mama wa msikiti wa jirani. Fedha ya tiketi ya pili sikuwa nayo, maana kontena lilikuwa bandarini na ushuru haujalipwa. Mama alikwenda, akarudi salama, namshukuru Mungu. Alinisimulia kwamba kati ya Safa na Marwa alisukumwa kwenye kiti cha magurudumu na kijana asiyemjua, akamwombea dua hadi sasa anamkumbuka katika sala zake. Ndugu Mhariri, kazi ile ilikuwa yangu.

Nimejitahidi kuelewa kwa nini inakuwa hivi, kwa sababu kabla ya kuingia kwenye biashara nilisomea uhasibu, na sipendi kulalamikia kitu nisichokijua. Viti vya daraja moja, ambavyo abiria huviona vinafanana, ndani ya mfumo wa mauzo vimegawanywa katika makundi kadhaa yenye herufi na bei tofauti. Programu ya kompyuta hutazama mauzo ya miaka iliyopita pamoja na kasi ya mauzo ya sasa, kisha hukisia ni viti vingapi vitapata mteja wa fedha taslimu na kwa bei gani. Viti vya pointi za bei ya chini hutolewa hasa pale ambapo inakisiwa kwamba kiti kingeruka kitupu. Kumi la mwisho la Ramadhani kwenda Jeddah halina kiti kinachokisiwa kuruka kitupu, kwa kuwa mawakala wa Umra huweka nafasi za vikundi mapema na wasafiri wa dakika za mwisho hulipa bei yoyote. Kwa hiyo aliyeniambia nijaribu baadaye alikuwa ananipa matumaini ambayo mfumo wenyewe haukuwa nayo tangu siku ya kwanza.

Mipango hii haikuanza hivi. Shirika la American Airlines lilipozindua mpango wake wa AAdvantage Mei 1981, na mashirika mengine ya Marekani yakafuata mara moja, nia ilikuwa kumshika mteja na wakati huo huo kujaza viti ambavyo havina mnunuzi. Kwa miaka mingi kulikuwa na jedwali lililochapishwa: kutoka bara hili kwenda bara lile ni pointi kadhaa, na msafiri alijua anachokusanyia. Shirika la Delta, nalo la Marekani, liliondoa jedwali lake mwaka 2015. Mpango wa Flying Blue wa Air France na KLM ukahamia kwenye bei zinazobadilika mwaka 2018. United, shirika jingine la Marekani, ikafuata mwaka 2019. Tangu hapo, katika mipango mingi, bei ya tiketi kwa pointi hupanda na kushuka pamoja na bei ya fedha. Pointi imekuwa sarafu ambayo aliyeitoa ndiye anayepanga thamani yake kila asubuhi, na mwenye kuishika hana pa kwenda kuibadilisha isipokuwa dirishani kwa huyo huyo aliyeitoa.

Najua wapo watakaosema kwamba pointi ni zawadi, na mpewa zawadi hachagui. Hoja hiyo nimeisikia hata kwa wafanyabiashara wenzangu, na naipinga kwa nguvu zote, kwa sababu vitabu vya hesabu vya mashirika yenyewe vinaipinga. Chini ya kanuni ya kimataifa ya taarifa za fedha nambari 15, iliyoanza kutumika Januari 2018 na inayofuatwa na makampuni katika nchi nyingi ikiwemo Tanzania, shirika linalomuuzia abiria tiketi yenye pointi haliruhusiwi kuihesabu bei yote kuwa mapato siku ile. Sehemu ya fedha hiyo hutengwa kwa ajili ya pointi na kuandikwa kama dhima, yaani deni la huduma ambayo mteja ameshailipia na hajapewa. Deni hilo huingia kwenye mapato abiria anaposafiri kwa tiketi ya pointi, au pointi zinapokufa, na shirika linaruhusiwa pia kukadiria mapema sehemu ya pointi ambayo haitatumika kamwe. Hivyo pointi zangu 31,200 hazikupotea hewani. Zilipokufa upande wangu, upande wa shirika deni lilifutika na sehemu ile ya fedha niliyolipa mwaka 2021 ikawa yao moja kwa moja.

Mwenye kutilia shaka kwamba pointi ni mali halisi na aangalie yaliyotokea wakati wa janga la korona. Mwaka 2020 ndege zilipokuwa zimeegeshwa na mashirika yanatafuta fedha ya kujiokoa, United ilikusanya dola bilioni 6.8 kwa kuweka mpango wake wa pointi kuwa dhamana, na Delta ikapata dola bilioni 9 kwa njia hiyo hiyo. American ikafuata Machi 2021 kwa dola bilioni 10. Wakopeshaji wa Marekani hawatoi mabilioni kwa dhamana ya zawadi ya hiari. Walitoa kwa sababu walijua kwamba pointi zina soko, zinauzwa kwa benki na kwa abiria, na zinaleta fedha hata ndege zikiwa chini. Basi kitu ambacho ni mali mbele ya mkopeshaji hakiwezi kugeuka hisani mbele ya mama wa Kariakoo.

Sisi wanawake wa sokoni tunao utaratibu wetu wa kuwekeana fedha, ambao wasomaji wako wengi wanaujua kwa jina la mchezo au upatu. Kila wiki kila mmoja hutoa kiasi kile kile, kijumbe hukusanya, na zamu ikifika mtu hupewa chake. Nimecheza michezo kwa zaidi ya miaka ishirini. Sijawahi kuona kijumbe akimwambia mtu ambaye zamu yake imeangukia wiki ya Idi kwamba fedha zipo, anaziona, lakini wiki hii zina wenyewe wanaozitaka kwa bei kubwa zaidi, kwa hiyo asubiri wiki ambayo hakuna anayezihitaji, na akichelewa zitafutwa. Kijumbe wa namna hiyo asingepita tena Mtaa wa Kongo. Na hatuna sheria iliyoandikwa popote. Tuna aibu na uaminifu tu.

Nisieleweke kwamba ninazungumzia Ramadhani peke yake. Jirani yangu dukani, mama wa Kichaga kutoka Marangu, ana watoto wanne, na kila Desemba anataka kuwapeleka nyumbani kwa bibi yao. Yeye ana pointi za shirika jingine, linalotua Kilimanjaro, na tangu mwaka 2022 hajawahi kupata kiti hata kimoja kwa pointi kati ya tarehe 15 Desemba na sikukuu ya Krismasi. Hupata Februari, wakati watoto wako darasani. Wafanyabiashara wanaokwenda kwenye maonyesho makubwa ya Guangzhou wanalijua hili vilevile, kwani maonyesho yale hufunguliwa katikati ya Aprili na katikati ya Oktoba kila mwaka, na katika majuma hayo pointi hazifui dafu. Msimu wa safari ndio wakati watu wana sababu ya kusafiri. Pointi zinazofanya kazi nje ya msimu tu zinamfaa mtu asiye na sababu ya kwenda popote.

Inashangaza zaidi ukilinganisha na usafiri wa barabarani. Desemba ikifika, Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, hukumbusha nauli kikomo za mabasi na huwachukulia hatua wenye mabasi wanaowatoza abiria zaidi, na abiria anayekatiwa tiketi ya Moshi kwenye kituo cha Magufuli pale Mbezi anajua ana pa kulalamika. Sisemi kwamba nauli za ndege zipangwe na serikali, kwa kuwa usafiri wa anga wa kimataifa una mikataba yake na ushindani wake. Ninachouliza ni kwa nini abiria aliyekwisha kulipa, na ambaye deni lake limeandikwa vitabuni, awe na kinga ndogo kuliko anayelipa leo.

Mashirika yana hoja moja ambayo naikubali, na haki ni kuitaja. Msimu ndio unaolipia miezi ya ukame. Kiti cha kwenda Jeddah katika kumi la mwisho kinaweza kuuzwa kwa karibu mara mbili ya bei ya Oktoba, na shirika likiwapa watu wa pointi ndege nzima litaumia. Mimi pia ninauza mapazia kwa wingi kabla ya Idi na najua maana ya msimu. Lakini mteja aliyeweka fedha dukani kwangu tangu Rajabu, akaja kuchukua pazia lake siku tatu kabla ya Idi, simwambii kwamba bei imepanda mara tatu au arudi baada ya sikukuu. Nilipopokea fedha yake nilijua Idi itakuja. Shirika nalo, lilipoandika pointi kwenye akaunti yangu, lilijua kalenda: Krismasi haihami tarehe, na Ramadhani hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka bila kumshtukiza mtu.

Tena linawezekana, kwa maana wapo waliolifanya. British Airways imejiwekea ahadi ya hadharani kwamba katika safari zake zenyewe ndefu hutoa walau viti 8 vya daraja la kawaida na viti 4 vya daraja la biashara kwa pointi, tangu siku tiketi zinapoanza kuuzwa, siku 355 kabla ya safari. Mwaka 2015 shirika hilo pia lilitenganisha bei za pointi za msimu na zisizo za msimu, na likazichapisha tarehe zenyewe. Mtu anaweza kusema viti 8 ni vichache kwa ndege yenye mamia ya abiria, na ni kweli, vitaisha haraka. Hata hivyo kuna tofauti kubwa kati ya kukosa kwa sababu wanane waliniwahi na kukosa kwa sababu hapakuwekwa hata kimoja. La kwanza nalivumilia na mwaka unaofuata naamka mapema zaidi. La pili halina dawa, kwa kuwa hata ukiamka alfajiri ya siku ya kwanza unakuta mlango umepigwa kufuli.

Hata saa ya pointi inaweza kusimamishwa shirika likitaka. Mwaka 2020 safari zilipokatika, mashirika mengi duniani yaliongeza uhai wa pointi za abiria wao, mengine zaidi ya mara moja, na hakuna lililofilisika kwa sababu hiyo. Nako Marekani, Wizara ya Uchukuzi ilitangaza Septemba 2024 kuyachunguza mashirika manne makubwa, American, Delta, Southwest na United, kuhusu mipango yao ya pointi, ikitaka maelezo juu ya kushushwa thamani kwa pointi, bei zilizofichika na zinazobadilika, ada za ziada na kupungua kwa ushindani. Nchi yenye mashirika makubwa kuliko yote imeona kwamba jambo hili linastahili kuulizwa na serikali. Sioni kwa nini sisi tuone haya kuuliza.

Hapa nyumbani vyombo vya kuuliza tunavyo. Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA, ndiyo inayosimamia mashirika yanayotua katika viwanja vyetu, na lipo Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga kwa ajili ya kusikiliza watu kama mimi. Tume ya Ushindani, FCC, inayo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ambayo inakataza kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa au huduma anayouziwa. Kutangaza tiketi "kuanzia" pointi 35,000 katika njia ambayo msimu mzima haina kiti hata kimoja kwa bei hiyo, kwa maoni yangu, ni kumpotosha mlaji, na ningependa Tume ilitazame tangazo la namna hiyo kama inavyotazama bidhaa isiyolingana na maelezo ya kwenye boksi lake.

Ombi langu kwa vyombo hivyo ni kwamba kila shirika linalouza tiketi Tanzania likiwa na mpango wa pointi litakiwe kutangaza, kabla kalenda ya msimu haijafunguliwa, idadi ya chini ya viti vya pointi katika kila ndege ya Ramadhani, ya Desemba na ya likizo ndefu. Idadi hiyo hata iwe ndogo. Ikiwa ni sifuri, basi iandikwe sifuri, kwa maandishi ya ukubwa ule ule wa tangazo linaloniita nijiunge, ili anayetaka kwenda Umra na mama yake ajue mapema kwamba pointi za shirika hilo hazimfai na ile nafuu ya dola 80 kwa shirika jingine aichukue aiweke kwenye kibubu. Bei ya msimu ikiwa kubwa kuliko ya kawaida nitailipa, ilimradi imetangazwa tangu mwanzo na haigeuki kila ninapofungua simu.

Jambo la pili linahusu pointi zinazokufa. Mfumo unaoweza kukumbuka nilikaa kiti gani mwaka 2021 unaweza pia kukumbuka kwamba niliingia mara nyingi kutafuta tiketi nikakosa. Abiria aliyeomba kiti kwa maandishi akanyimwa, pointi zake zisifutwe hadi apewe nafasi ya kuzitumia katika msimu unaofuata. Kumzuia mtu asichukue chake, kisha kumwadhibu kwa kuchelewa kuchukua, ni jambo ambalo hata baraza la kata lingelikataa mchana kweupe.

Najua pia kwamba wengi wetu hatuandiki. Tunapiga simu, tunaambiwa mfumo haukubali, tunakata tamaa na kurudi dukani. Ndiyo sababu nimeandika kirefu hivi, na nawaomba wasafiri wenzangu waliopatwa na haya wapeleke malalamiko yao kwa barua kwenye Baraza la Ushauri, wakiambatanisha picha za kalenda zenye tarehe. Mimi barua yangu nimeipeleka tarehe 3 mwezi huu, ikiwa na kurasa sita za picha hizo na nakala kwa shirika lenyewe, nayo imegongwa muhuri wa kupokelewa.

Ramadhani ya 2026 inatarajiwa kuanza kati ya tarehe 18 na 19 Februari, kwa hiyo kumi la mwisho litaanguka karibu na tarehe 10 Machi. Akaunti yangu leo ina pointi 90,400, na kati ya hizo 28,000 zimeandikiwa kufa tarehe 31 Desemba 2025. Mama ameniuliza kama safari hii tutakwenda wote. Jana usiku nilifungua kalenda tena, na kuanzia tarehe 8 hadi 20 Machi siku zote zina rangi ya kijivu. Nalisubiri shirika linijibu kwa maandishi, kabla ya tarehe hiyo ya Desemba, limeweka viti vingapi vya pointi katika ndege hizo.

Wako msomaji wa siku nyingi,
Mfanyabiashara wa mapazia,
Kariakoo, Dar es Salaam.